Kutu ya msumari wa jahazi: mwongozo wa kufuatilia usumaku unaobadilika kwa kutumia viini vya chuma

Msumari wa chuma uliokaa miaka katika ubavu wa mashua hautoki mzima. Fundi akiung'oa, hutoka na gamba: juu kuna unga wa rangi ya chungwa unaoshika vidoleni, chini yake tabaka jeusi gumu lililoganda juu ya chuma. Lisogezee sumaku. Jeusi linanasa, la chungwa linabaki pale pale. Chuma ni kimoja na bahari ni ile ile, lakini ndani ya milimita chache usumaku umeshagawanyika.

Mwongozo huu nimemwandikia mwanafunzi wa fizikia au kemia, au mwalimu wa sayansi aliyeko Unguja au Pemba, anayetaka kujua kutu ile imeundwa na nini na usumaku wake unabadilika vipi joto linapopanda na kushuka. Mbinu ni ya nyuklia, inaitwa Mössbauer. Mashine yenyewe huenda ukalazimika kuifuata mbali, lakini kuuliza swali, kuandaa sampuli, kupanga joto la kupimia na kusoma matokeo ni kazi zinazoweza kufanyika hapa hapa visiwani, na ndizo zinazoamua kama kipimo kitakuwa na maana.

Kwanza uielewe mbinu

Rudolf Mössbauer, Mjerumani, alitangaza ugunduzi wake mwaka 1958 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Aligundua kwamba kiini cha atomu kilichoshikwa ndani ya kitu kigumu kinaweza kutoa mwale wa gama bila kurudishwa nyuma na mwale huo. Nishati yake haipungui hata chembe, kwa hiyo kiini kingine cha aina ile ile kinaweza kuufyonza.

Kwa chuma, kiini kinachotumika ni cha isotopu ya chuma-57. Katika kila chuma duniani, kuanzia nondo mpaka damu, isotopu hii ni kama asilimia 2.1. Huna haja ya kuongeza kitu chochote katika kutu yako. Mashahidi wamo tayari. Chanzo cha miale ni kobalti-57, ambayo ikioza hugeuka chuma-57 na kutoa mwale wa elektronivolti 14,400. Chanzo hicho husogezwa mbele na nyuma mbele ya sampuli kwa kasi isiyozidi milimita 10 au 12 kwa sekunde, mwendo wa konokono, na mwendo huo mdogo unatosha kuibadilisha nishati ya mwale kwa kiasi kinachohitajika. Kigunduzi kilicho nyuma ya sampuli huhesabu miale iliyopita. Pale sampuli inapofyonza, hesabu hushuka na mstari hujichora. Mkusanyiko wa mistari hiyo ndio spektra.

Sasa usumaku. Atomu za chuma zikiwa zimejipanga kisumaku, kila kiini hujikuta ndani ya uga mkubwa mno. Katika chuma halisi uga huo ni tesla 33 (tesla ni kizio cha kupimia nguvu ya uga wa sumaku), wakati mashine nyingi za MRI hospitalini zina 1.5 au 3. Uga huo huipasua spektra kuwa mistari sita, na umbali kati ya mstari wa kwanza na wa sita hukupa ukubwa wa uga. Joto likipanda mpangilio ukavunjika, mistari sita husogeleana, kisha hubaki miwili au mmoja.

Kuna jambo hapa ambalo sumaku ya mkononi haiwezi kukuonyesha. Katika kutu nyingi za chungwa na njano, atomu jirani hujipanga kwa kupingana, hii ikielekea juu na ile chini, nguvu zikafutana. Ukiisogezea sumaku hainasi, ukadhani haina usumaku, kumbe imejipanga barabara. Mfaransa Louis Néel, aliyepata Nobel mwaka 1970, ndiye aliyeueleza mpangilio huu, na joto unalovunjikia huitwa joto la Néel. Kiini cha chuma hakidanganyiki na kufutana huko, kwa sababu kinasikia uga wa atomu yake mwenyewe.

Hatua ya 1: Kuwa na swali linalojibika kwa joto

Usiandike "nataka kujua kutu yangu ina nini". Andika kitu kinachopimika. Kwa misumari ya vyombo vya baharini napendekeza hili: je, kutu hii ina akaganeiti, na ni ya kiasi gani?

Akaganeiti ni kutu inayozaliwa palipo na kloridi, yaani chumvi. Muundo wake una vijishimo virefu ambamo kloridi hukaa, na mwenye chuma akiiona huwa na sababu ya kuhangaika, kwani chumvi iliyojificha humo huendelea kukila chuma hata baada ya kuoshwa kwa nje. Pamoja nayo huwepo gethiti na lepidokrositi, ambazo nazo ni za chungwa au njano, na magnetiti, ambayo ndiyo nyeusi.

Ugumu uko hapa. Katika joto la kawaida akaganeiti hutoa mistari miwili, na lepidokrositi miwili pia. Gethiti ya chembe kubwa hutoa sita, lakini ikiwa chembe zake ni ndogo sana, za nanomita chache, nayo huonyesha miwili tu. Na mistari hiyo yote huangukia karibu mahali pamoja. Anayepima mara moja katika joto moja, kisha akaandika asilimia za kila madini, amebahatisha. Mimi ripoti ya namna hiyo siikubali, hata ikitoka maabara yenye jina.

Kinachozitenganisha ni kupoza. Gethiti kubwa hupoteza mpangilio wake kwenye kelvini 400 hivi (kelvini ni nyuzi za Selsiasi ukiongeza 273). Akaganeiti ni kwenye kelvini 290 na kitu, na hushuka zaidi kadiri maji yaliyomo ndani yake yanavyokuwa mengi. Lepidokrositi ni mpaka kelvini 77 au chini yake. Tofauti zake ni kubwa, na ni za kutumia.

Hatua ya 2: Kuipata kutu

Nenda wakati wa bamvua, vyombo vinapopandishwa juu kwa matengenezo. Nungwi kwa Unguja ni mahali pazuri, mafundi wapo. Kwa Pemba ulizia bandarini, Wete au Mkoani, wakuelekeze mashua inakofanyiwa kazi. Salimia kwanza, eleza shughuli yako, omba: "Fundi, msumari mbovu ukiung'oa, naomba usiutupe, niwekee." Muulize na mahali ulipotoka. Msumari ulioshika mbao kwenye mtaruma chini ya mstari wa maji umeishi maisha tofauti na ule wa juu unaorushiwa maji na kukauka kila siku. Andika hayo hapo hapo kwa penseli, maana wino huvuja ukilowa.

Usikwangue kwa kisu wala tupa. Chembe moja ya chuma kutoka kwenye kifaa chako itajitokeza katika spektra kama mistari sita ya tesla 33, na hutajua kama ni ya msumari au ya kisu. Tumia kipande cha kioo au mfupa. Kwangua tabaka la nje peke yake kwanza, lihifadhi, kisha ingia jeusi. Ukichanganya matabaka shambani, hakuna mashine itakayokutenganishia vizuri.

Vyombo vingi hupakwa sifa, na chini ya maji hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Mafuta hayo hayana chuma, kwa hiyo hayaharibu spektra, ila hufanya unga ushikamane na kuwa vigumu kusagika. Yatoe kwa asetoni, mahali penye hewa na pasipo moto. Chokaa iache, haina neno.

Kama unafikiria chuma cha jengo la kale, kama zile nguzo za chuma za Beit al-Ajaib iliyojengwa 1883, usiguse chochote bila idhini ya wanaosimamia mambo ya kale. Kuna aina ndogo ya kifaa cha Mössbauer kinachopima miale inayorudi kutoka usoni mwa kitu, bila kukwangua. Kifaa cha namna hiyo ndicho kilichobebwa na magari ya Spirit na Opportunity yaliyotua Mirihi mwaka 2004.

Hatua ya 3: Kukausha na kusaga

Hewa yetu ina unyevu na kutu haijalala. Sampuli ikikaa wiki mbili katika chupa yenye maji, unachokipima si kile ulichokikwangua.

Gawa sampuli mafungu mawili. Fungu la kwanza lisuuze haraka kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke ili chumvi ya juu juu iondoke, kisha lisuuze kwa spiriti lipate kukauka upesi. Kloridi iliyomo ndani ya akaganeiti haitoki kwa msuuzo huo, usihofu. Fungu la pili liache bila kuosha, liwe la kulinganishia.

Kaushia katika chupa yenye kifuniko kizuri pamoja na silika jeli. Vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinafaa, mradi vipashwe moto kwanza vitoe unyevu vilioufyonza, kisha vipoe kabla ya kuvitia. Usiweke kutu yenyewe jikoni wala kwenye oveni ya moto. Lepidokrositi ikifika nyuzi 200 na kitu hugeuka kuwa madini mengine yenye sumaku kali, na gethiti hugeuka hematiti; utapima oveni yako badala ya bahari. Mimi sivuki nyuzi 40.

Kusaga ni kwa kinu kidogo cha akiki au cha kaure, kamwe si cha chuma. Tia matone ya asetoni au spiriti usage pole pole ukiwa na maji maji hayo. Kusaga kavu kwa nguvu hutia joto katika chembe na kuzivunja, na kama nitakavyoeleza mbele, ukubwa wa chembe ni sehemu ya jibu unalolitafuta.

Hatua ya 4: Kupima kiasi

Sampuli nzito mno humeza miale yote na kuipotosha mistari. Nyepesi mno haionyeshi kitu. Kipimo kizuri cha kuanzia ni kama miligramu 10 za chuma kwa kila sentimita ya mraba.

Tuseme kishikio cha maabara ni duara la kipenyo cha sentimita 2. Eneo lake ni sentimita za mraba 3.14, kwa hiyo unahitaji miligramu 31 za chuma. Kutu za jamii ya gethiti, akaganeiti na lepidokrositi zina fomula moja ya msingi, FeOOH, ambayo uzito wake ni asilimia 63 chuma. Gawa 31 kwa 0.63: unapata miligramu 50. Basi, hizo tu. Mwenye kupima udongo mwekundu wenye chuma asilimia 5 atahitaji miligramu 620.

Miligramu 50 hazienei duara lote sawasawa, kwa hiyo huchanganywa na unga usio na chuma. Wengi hutumia sukari laini. Kwa hapa kwetu sikushauri, kwa sababu sukari huvuta unyevu na kutu italowa ndani yake. Boroni nitridi ni bora. Ukiikosa, peleka kutu kavu peke yake na uombe maabara ichanganye siku ya kupima.

Hatua ya 5: Kuchagua maabara

Sampuli ya kutu haina mionzi, ni kutu. Chenye mionzi ni chanzo cha kobalti-57, na hicho hukaa maabara chini ya kibali. Nchini mwetu vyanzo vya mionzi viko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC. Anayefikiria kuleta chanzo chuoni kwake aanze na wao kabla ya kuagiza lolote.

Vyuo vikuu vya Afrika Kusini vina vifaa na watu wenye uzoefu wa miaka mingi. Unapoandikiana na maabara yoyote, uliza umri wa chanzo. Nusu-uhai wa kobalti-57 ni siku 272. Chanzo cha miaka miwili kimebakiwa na asilimia 16 ya nguvu yake, na spektra iliyochukua siku moja sasa itachukua zaidi ya sita. Uliza pia kama wana nitrojeni ya kimiminika, ile ile wanayoitumia watu wa uhimilishaji wa ng'ombe kuhifadhia mbegu, na kama wana heliamu.

Hatua ya 6: Ratiba ya joto

Hapa ndipo moyo wa kazi ulipo. Ukiacha neno "joto la chumba" liandikwe katika ripoti bila namba, umepoteza nusu ya taarifa. Chumba cha Mjini Unguja wakati wa kaskazi kinafika nyuzi 31 au 32, yaani kelvini 305. Chumba cha Ulaya kiko nyuzi 20, kelvini 293. Joto la Néel la akaganeiti laweza kuangukia katikati ya vyumba hivyo viwili! Kutu ile ile, kutoka msumari ule ule, ikipimwa huku itatoa mistari miwili safi. Kule mistari itaanza kutanuka na kuvimba miguuni. Bila namba ya joto, watu wawili watabishana na wote wamepima sawa.

Omba mpangilio huu:

Kelvini 310. Hapa akaganeiti na lepidokrositi zote hazina mpangilio. Kilicho na mistari sita ni magnetiti, gethiti kubwa au chuma chenyewe.

Kelvini 295, 280 na 250. Hapa unaifuatilia akaganeiti inapojipanga. Eneo la mistari miwili likipungua na badala yake ikaonekana mistari sita yenye uga unaokua kila unapopoza, umempata mgeni wako.

Kelvini 80, kwa nitrojeni. Akaganeiti sasa imejipanga kabisa, uga wake ukiwa tesla 40 na kitu. Mistari miwili iliyobaki ni ya lepidokrositi, au ya gethiti iliyo ndogo kupita kiasi.

Kelvini 4.2, kwa heliamu, kama ipo. Hapa kila kitu kimejipanga, na kila madini yanajulikana kwa uga wake: gethiti karibu tesla 50.5, lepidokrositi karibu 46, akaganeiti kati ya hizo.

Kama muda wa mashine ni mchache, kuna njia ya mkato naipenda sana. Kasi ya chanzo hufungwa mahali pamoja, penye mstari wa katikati, kisha joto hubadilishwa taratibu huku miale ikihesabiwa. Mpangilio unapoanza, mistari ya katikati hukimbilia pembeni, ufyonzaji pale hupungua na hesabu hupanda ghafla. Kwa kipimo kimoja unapata joto la Néel.

Kuhusu chembe ndogo: chembe ya nanomita chache ina mpangilio ndani yake, lakini joto huupindua wote kwa pamoja, huku na huku, mara nyingi sana kwa sekunde. Mössbauer huona kwa muda wa sehemu ya milioni mia moja ya sekunde hivi. Upinduaji ukiwa wa haraka kuliko huo, kiini husikia wastani wa sifuri na mistari huwa miwili. Ukipoza, upinduaji hupungua kasi na mistari sita hujitokeza polepole, kwa kila chembe katika joto lake. Akaganeiti kubwa hubadilika katika upeo mwembamba wa joto. Gethiti ya chembe ndogo hubadilika katika upeo mpana, ikienda mistari miwili na sita pamoja. Tofauti hiyo ya mwenendo ndiyo inayokuwezesha kuzitambua, na ndiyo sababu nilikukataza kusaga kwa nguvu.

Hatua ya 7: Kusoma spektra

Maabara itakutumia faili la namba. Utahitaji pia faili la karatasi nyembamba ya chuma halisi iliyopimwa kwa mashine hiyo hiyo: mstari wake wa kwanza na wa sita vimeachana milimita 10.62 kwa sekunde, na kwa hilo unapata kipimo cha kasi. Zipo programu za bure za kuchanganulia, na kompyuta ya kawaida inatosha.

Tazama ubora kwanza. Kosa la hesabu ni kipeuo cha pili cha hesabu yenyewe. Miale milioni moja kwa kila chaneli, yaani kila hatua ya kasi inayohesabiwa peke yake, inakupa kosa la asilimia 0.1. Kama mistari yako ina kina cha asilimia 1, unaweza kuiamini.

Kisha soma mambo matatu. Mhamo wa kitovu, yaani umbali wa katikati ya mistari kutoka katikati ya ile ya chuma halisi: ukiwa karibu 0.37 milimita kwa sekunde katika joto la chumba ni chuma chenye chaji tatu, ukivuka 1 ni chenye chaji mbili. Mpasuko wa mistari miwili: lepidokrositi ina takriban 0.55, akaganeiti inahitaji jozi mbili, moja takriban 0.5 na nyingine takriban 0.95. Halafu uga wa mistari sita: magnetiti huonyesha seti mbili, tesla 49 na 46, katika joto la chumba, na chini ya kelvini 120 hivi spektra yake huvurugika kwa sababu muundo wenyewe hubadilika.

Changanua joto zote kwa pamoja, usichanganue moja moja. Jumla ya chuma haibadiliki kwa kupoza, kwa hiyo ukisema akaganeiti ni asilimia 30 kwenye kelvini 310, asilimia hiyo ionekane, kwa kukaribia, kwenye kelvini 80 pia. Isipoonekana, mchanganuo wako una kasoro, rudi nyuma.

Ukitaka kwenda mbele zaidi

Mössbauer hukwambia ukubwa wa uga na joto lake, lakini haikuchorei atomu ipi imeelekea wapi katika fuwele. Kwa hilo kuna mtawanyiko wa nyutroni, yaani kuirushia sampuli nyutroni na kutazama zinavyotawanyika, kama unaofanyika Grenoble, Ufaransa. Kuna pia muoni, chembe yenye maisha ya mikrosekunde 2.2 inayopandikizwa ndani ya kitu na kueleza uga ilioukuta. Vituo vipo Uswisi, Uingereza, Kanada na Japani. Vituo vya namna hii huchagua maombi kwa ubora wa swali.

Kwa nyutroni, miligramu 50 hazitoshi, zinahitajika gramu kadhaa, na haidrojeni iliyomo katika kutu hutawanya nyutroni ovyo na kuongeza kelele. Kwa hiyo unapokwenda Nungwi omba misumari ya kutosha kutoka chombo kimoja, tumia sehemu ndogo kwa Mössbauer, na iliyobaki ifunge pamoja na silika jeli mpya, iandikwe tarehe, jina la mahali na tabaka ilikotoka.